Ufundi wa Kuandaa Mradi wa Kivinjari

Mtunzi wa programu husifiwa kwa kile kinachoonekana kwenye skrini. Mimi humtazama kwanza alivyoupanga mradi wake kabla hajaandika mstari hata mmoja wa kwake. Kazi hiyo ikifanywa vizuri haionekani kabisa, lakini kwa anayetaka kutia kivinjari ndani ya programu yake, hapo ndipo ufundi wake unapopimwa.

Tuchukue CEF (Chromium Embedded Framework), mradi wa kutia injini ya kivinjari cha Chromium ndani ya programu nyingine, ulioanzishwa na Marshall Greenblatt mwaka 2008, mwaka uleule Google ilipoitoa Chromium. Kuijenga Chromium yenyewe kutoka kwenye msimbo wake kunataka walau gigabaiti 100 za diski na saa nyingi za kusubiri. CEF hukupa injini hiyo ikiwa imekwisha kujengwa. Unaikabidhi kwa CMake, nayo inakuandalia mradi wa Visual Studio au Xcode. Programu za Steam na Spotify za kompyuta zimesimama juu yake.

Ukishafungua kifurushi cha CEF, usikimbilie kujenga. Soma kwanza. Maktaba kubwa, libcef, ilijengwa na wengine kwa kompaila yao. Kando yake ipo ndogo, libcef_dll_wrapper, iliyoachwa ikiwa msimbo ili uijenge mwenyewe. Sababu yake inafaa kutulia nayo. C++ iliyopita kwenye kompaila moja haina hakika ya kuelewana na C++ ya kompaila nyingine. C ina masharti machache, na imetulia. Basi libcef hutoa nje kazi (functions) za C peke yake, na ile maktaba ndogo, ikijengwa kwa kompaila yako na kwa mipangilio yako, ndiyo inayozirudisha kuwa C++. Waliobuni hivyo walijua hasa uhakika wao unaishia wapi, wakaweka mpaka papo hapo. Sijaona busara nyingi kama hiyo katika kazi za mikono wala za akili.

Kisha kuna kazi moja ambayo lazima iitwe mwanzoni kabisa mwa programu: CefExecuteProcess. Chromium hugawa kazi zake katika michakato mingi, ili ukurasa mmoja ukianguka usiivute chini programu nzima. Kwenye Windows na Linux, kwa kawaida faili lako lilelile huitwa tena na tena, kila mara kwa jukumu jingine: kuchora ukurasa, kuhudumia kadi ya picha. Jibu lake likiwa -1, wewe ndiye mchakato mkuu, endelea ufungue dirisha. Ukiisahau kazi hiyo, kila msaidizi atajidhani ni mkuu.

Kazi ya kunakili mafaili ya CEF hadi pale programu iliyojengwa ilipo huonekana ndogo, ila naipenda kuliko zote. Faili la icudtl.dat, lenye kanuni za maandishi ya lugha za dunia, lisipokuwa mahali pake kivinjari hakiwaki. Mafaili ya rasilimali, yale ya .pak, nayo yanataka mahali pake. Fundi mzuri haachi jambo hili kwa kumbukumbu ya mtu. Huuagiza mradi uyanakili wenyewe kila unapojengwa, ili mwenzake atakayeupokea kesho asihangaike. Na ndani ya folda ya locales, katikati ya lugha nyingine, lipo sw.pak. Andika "sw" katika mpangilio wa lugha, na maneno ya kivinjari chenyewe yatatoka kwa Kiswahili. Wako watengenezaji wetu wengi wasiojua kwamba faili hilo wamelibeba muda wote.

Kinachobaki ni namba ya toleo la CEF, linalofuata lile la Chromium. Mwaka 2021 Chromium ilifupisha mzunguko wa matoleo yake makubwa kutoka wiki sita hadi nne, na mengi huja na viraka vya usalama. Kwa hiyo iandike namba hiyo mahali pamoja tu katika mradi, wala usichanganye msimbo wako na folda ya CEF, ili kubadilisha injini kuwe ni kubadilisha folda hiyo na namba hiyo, kisha kujenga na kujaribu upya.