Neno "Takataka" katika Elimu ya Urithi

Mwaka 1972 mtaalamu Susumu Ohno aliipa sehemu kubwa ya jenomu, yaani jumla ya urithi uliomo katika seli, jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili ni "takataka". Jina hilo lilienea upesi, nalo lastahili kupimwa.

Kiasi cha asilimia 8 ya jenomu ya binadamu ni mabaki ya retrovirusi vya kale, vilivyojipenyeza katika seli za uzazi za wahenga vikarithiwa kizazi kwa kizazi. Vingi vimeharibika wala havina kazi ijulikanayo. Hapo jina halikukosea sana. Lakini mwaka 2000 ilidhihirika kwamba jeni moja ya asili hiyo hutengeneza sinsitini, protini iunganishayo seli katika kondo la nyuma. Panya naye anazo jeni mbili za kazi hiyo, zilizotokana na virusi vingine kabisa.

Kiswahili hutenga takataka na kiporo: ile hutupwa, hiki huliwa kesho yake. Majina yote mawili hutoa hukumu mapema. "Masalio" hufaa zaidi, kwani husema tu kilichosalia, na kuuachia uchunguzi hukumu ya matumizi yake.