Leso na Mto

Mhakiki wa ushairi hutazama vina, mizani na maana. Mhakiki wa nguo naye hana budi kutazama zaidi ya rangi. Aghalabu sisi huihukumu nguo siku itokapo dukani, ingali mpya, kana kwamba mtu angehukumiwa siku ya kuzaliwa kwake. Katika insha hii nataka kuihakiki leso kwa maisha yake yote, tangu pamba ilipokuwa shambani mpaka siku ilipogeuka tambara. Na mahali nilipopachagua pa kufanyia kazi hii ni Kipini.

Kipini ni mji mdogo ulioko pale Mto Tana unapoingia katika Ghuba ya Ungwana. Mto huo huanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukasafiri kiasi cha kilomita 1,000 hata kuikuta bahari. Njiani watu huchota, humwagilia mashamba, hufua na kutupa taka. Akaaye mwisho wa mto hupokea yaliyobakizwa na wote walio juu yake. Kwa sababu hiyo Kipini ni baraza njema ya kuamulia kesi ya nguo, maana hapa hesabu zote hufika.

Tuanze na umbo. Leso ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo huizunguka nguo kama ukuta uzungukavyo nyumba. Mji ni uwanja wa katikati wenye maua au nakshi. Jina ni maneno machache yanayosema lile ambalo mvaaji pengine hathubutu kulitamka kwa kinywa. Mjini Mombasa biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza katika karne ya 19, ilifahamika pwani nzima kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Lakini uzuri mkuu wa leso, kwa maoni yangu, si maua wala maneno. Ni kwamba haikatwi kwa mkasi ili kufuata umbo la mtu. Fundi akatapo shati hubakiza vipande chini ya cherehani. Leso haibakizi kitu. Humfaa mwembamba na mnene, msichana na bibi yake, mjamzito na aliyekwisha kujifungua. Nguo isiyochagua mwili haitupwi mwili unapobadilika.

Tena leso haina umri mmoja. Ikiwa mpya huvaliwa harusini na matangani. Rangi ikififia huwa ya nyumbani na ya jikoni. Baadaye huwa mbeleko ya kumfunga mtoto mgongoni, kisha hukatwa ikawa winda, au husokotwa ikawa ngata chini ya ndoo ya maji. Mwisho huwa tambara la kufutia taa, nalo likitupwa udongoni huoza. Naliita hilo tamati njema, maana kazi nyingi za mikono ya wanadamu zimeanza vizuri zikakosa mwisho.

Sasa tulinganishe na shati la poliesta. Hilo nalo lina sifa zake: ni rahisi, halikunjamani, na hukauka upesi. Lakini poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Ni ndugu ya chupa ya plastiki. Kila lifuliwapo, vinyuzi vidogo mno hukatika vikafuata maji mpaka mtoni na baharini, ambako samaki huvimeza. Likichakaa haliozi kama pamba. Mvuvi wa Kipini hana kiwanda cha poliesta, wala hakuulizwa kama akitaka. Hata hivyo masazo yake humfikia wavuni.

Walakini mhakiki asifuye tu ni mpiga debe. Leso ina makosa, na la kwanza ni kiu. Yakadiriwa kuwa pamba ya fulana moja huhitaji lita 2,700 za maji. Mto Tana unaijua kiu hiyo. Huko Hola, juu ya Kipini, skimu ya kumwagilia maji ilianzishwa katika miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa siku za Mau Mau, na tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa walipokataa kazi ya kulazimishwa. Pamba ikawa zao kubwa la biashara katika skimu hiyo, na baadaye katika skimu ya Bura pia. Mwaka 1989 mto ulibadili njia, na mashamba ya Hola yakakosa maji. Mbali zaidi, katika Asia ya Kati, maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yaligeuzwa tangu miaka ya 1960 kwenda katika mashamba ya pamba, na Bahari ya Aral ikakauka sehemu yake kubwa. Sisemi kuwa pamba peke yake ndiyo iliyoupunguza Tana. Yako pia mabwawa ya umeme, kama Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Nasema tu kwamba mto ukipungua, bahari hupanda, na chumvi huingia katika mashamba ya mpunga ya watu wa Ozi na Kipini.

Kosa la pili ni letu wenyewe. Sare mpya kwa kila harusi, na sanduku lililojaa doti zisizovaliwa, ni maji ya mto yaliyofungiwa ndani ya mbao. La tatu ni udanganyifu: siku hizi ziko leso za poliesta zenye pindo lile lile na jina lile lile. Ukitaka kuijua, chomoa uzi mmoja, uuchome kwa uangalifu mbele ya mtu mzima. Pamba huungua kama karatasi ikaacha jivu. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Msomaji atasema: maskini hana nafasi ya kuchagua. Ni kweli, wala sitamlaumu mama anunuaye shati la mtumba ili mwanawe aende shule. Nguo iliyokwisha kufumwa, ikapata mvaaji wa pili, imeokoa maji ya kufumia nyingine. Lawama ni ya yule anunuaye kumi avae mbili, na ya mataifa yanayotuma marobota yenye nguo zisizofaa tena kuvaliwa, ili jalala lao liwe kwetu.

Hukumu yangu, basi, ni hii: nguo njema ni ile ivaliwayo muda mrefu, ikashonwa ipasukapo, na ikiisha isimwachie jirani mzigo. Leso ya pamba, ikinunuliwa kwa haja na kutumiwa mpaka tambara, inakaribia sifa hiyo kuliko nguo nyingi. Kijana, ujifunze kushika sindano. Na unapoichagua nguo, usijitazame katika kioo tu. Mkumbuke na mtu aliye mwisho wa mto.