Kilwa Yangu Iliongozwa na Daftari la Bibi

Gemu la kompyuta la Europa Universalis IV linaanza tarehe 11 Novemba 1444 na kuishia mwaka 1821. Mchezaji akichagua kuiongoza dola ya Kilwa, kishawishi cha kwanza ni kujaza askari, kuteremka kusini kwenye dhahabu, kisha kumngoja Mreno. Mimi nilianza na daftari la nasaba ya upande wa baba: majina kumi na moja aliyoniandikisha bibi, kutoka Kilwa Kisiwani kupitia Mafia hadi Bagamoyo.

Majina kumi na moja ni kama karne tatu, kwa hiyo hayafiki 1444. Nilichoazima humo ni tabia za ukoo, zile zinazojirudia kizazi baada ya kizazi. Nikazigeuza kuwa kanuni tatu, nikaapa kutozivunja hata mambo yakiwa magumu.

Ya kwanza: pwani haitwaliwi kwa vita. Daftari halina vita vyovyote. Lina ndoa, na karibu kila mwanamume ameandikiwa mji alikooa. Hata habari za kale za Kilwa zinasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Basi niliipa diplomasia kipaumbele, nikafunga ndoa ya kifalme na Malindi. Ndoa hiyo hula nafasi moja ya mahusiano, na ukimshambulia mkweo, uthabiti wa nchi yako hushuka. Wengi huona huo ni mzigo. Kwangu ulikuwa ulinzi, kwa sababu ulinizuia nisiwe na haraka. Baada ya miaka mingi ya zawadi na muungano, Malindi ikakubali kuwa chini ya himaya yangu bila upanga kuchomolewa.

Ya pili: mali irudi nyumbani. Katika gemu hili, kituo chenye makao yako ya biashara hukusanya mapato chenyewe, ila ukikusanya kwenye kituo cha ugenini nguvu yako ya biashara hukatwa nusu. Mababu zangu walikwenda mbali, lakini hesabu ilifungwa kwao. Nikawatuma mawakala wangu kusukuma bidhaa za bara kuelekea kituo cha Zanzibar, na merikebu nyepesi zikalinda njia.

Hapo ndipo gemu na nasaba zilipogombana. Mikondo ya biashara humo ina upande mmoja tu: kutoka Zanzibar mali huenda Ghuba ya Aden au Rasi ya Tumaini Jema, na mwisho wa safari zote ni Ulaya. Lakini mwaka 1444 Mreno alikuwa bado hajaizunguka rasi hiyo. Baharia wao Bartolomeu Dias aliizunguka mwaka 1488. Bahari ya wazee wetu ilikuwa na pande mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Ramani ya gemu haina kusi wala kaskazi, na mchezaji wa pwani anapaswa kulijua hilo kabla ya kujilaumu kwa hazina kuvuja.

Ya tatu: ukizidiwa, okoa watu na mtaji. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuipora. Katika mchezo wangu merikebu za Ureno zilipotokea, sikungoja hazina iishe. Nilisalimisha jimbo moja la kusini mapema kwa mkataba wa amani, nikabaki na fedha, mkwe na njia ya biashara.

Jina la nne daftarini liliondoka Kilwa kwenda Mafia, na sababu haikuandikwa. Bibi alikuwa akisema tu kwamba walihama na wake zao na mizani yao. Utotoni nilidhani walikimbia. Nilipotia saini mkataba ule wa amani, hazina ikiwa salama, nilielewa kwa nini mizani ilitajwa.