Sifa za Mbeba Vifaranga

Mfugaji wa samaki wa Kitui au Makueni ana shida ambayo mvuvi wa Homa Bay haijui: samaki wake sharti wasafiri kabla hajawafuga. Mara nyingi vifaranga wa tilapia na kambare huletwa kutoka nyanda za juu, kama vile kituo cha serikali cha Sagana, Kirinyaga, na njiani jua la Ukambani linawasubiri. Mwaka 2009 serikali ilipoanza kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, sifa zilienda kwa wachimbaji. Mimi nawasifu wabebaji.

Adui wao ni joto. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzijoto 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, hubaki 7 na nusu hivi. Na hapo ndipo samaki anapohitaji hewa zaidi, kwa kuwa joto linauchangamsha mwili wake. Juu ya hayo, uchafu wake hutoa amonia inayomtia sumu humo humo alimofungiwa.

Ndiyo maana mbeba vifaranga stadi huwanyima chakula siku moja au mbili kabla ya safari. Anayewashibisha kwa huruma anawaua. Mfuko wa plastiki hutiwa maji kama theluthi moja, nafasi iliyobaki hujazwa oksijeni, kisha mdomo hufungwa kwa mpira mpaka usivuje. Safari huanza alfajiri, gunia lililoloweshwa likiwa juu ya mifuko. Mkono unaomgusa samaki huloweshwa kwanza, maana mkono mkavu humvua ute unaomkinga na maradhi. Sijui kazi nyingine ya shambani inayodai adabu kiasi hicho.

Wamarekani nao walilazimika kuisomea adabu hiyo. Ray Scott, aliyeanzisha chama cha wavuvi wa samaki aina ya bass mwaka 1968, alianza mwaka 1972 kuwahimiza washindani wa mashindano yake ya uvuvi wawahifadhi samaki hai ndani ya mashua, katika matangi yenye pampu ya hewa, ili warudishwe majini baada ya kupimwa uzito. Bass hao hao waliwahi kuletwa Naivasha kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Shabaha ni tofauti, ila kanuni za maji ni zile zile.

Mtihani mkubwa uko ukingoni mwa bwawa, pale mwenye shamba anapotaka kuwaona samaki wake mara moja. Mbebaji humzuia. Mfuko huelea kwanza hadi maji ya ndani na ya nje yalingane joto, kisha ya bwawa huongezwa kidogo kidogo, na vifaranga hutoka wenyewe. Wakimwagwa ghafla, wengi hufa siku chache baadaye, na lawama huangukia bwawa.

Basi wewe unayechimba bwawa Mwingi au Kibwezi, kabla ya kulipia vifaranga, muulize muuzaji walikula mara ya mwisho lini. Akisema asubuhi hii, rudi siku nyingine.