Fyekeo Lisubiri Kidogo

Nyumba za Kilakala zimekaa pale mlima unapoanza kupanda. Nyuma yake ni mteremko wa Uluguru, na juu kabisa kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100. Mbele ni mji wa Morogoro, ulio mita 500 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Mwenye bustani huku anaishi kati ya hali mbili za hewa: anamwagilia mchicha ulionyongea kwa jua huku akitazama wingu likifunika msitu wa juu na kumwaga mvua isiyomfikia. Ndege nao wamechanganyika vivyo hivyo. Wapo wa mjini, wapo wa mlimani, wapo wapita njia. Kutunza bustani mahali kama hapa ni ufundi wa pande mbili. Upande wa kwanza, kujua kazi gani ifanywe, karibu kila mtu anaumudu. Upande wa pili, kujua kazi gani iahirishwe na kwa muda gani, wanaoumudu ni wachache, na huo ndio unaoleta ndege.

Si rahisi kumshawishi mtu wa mkoa huu awakaribishe ndege. Katika mashamba ya mpunga ya Dakawa na bonde la Kilombero, ndege ni hasara. Mpunga ukishatoa maziwa, watu wanadamka kwenda kuamia kwa makopo, mayowe na makombeo, na kwelea kwelea wakivamia kwa makundi makubwa, Serikali hutuma eropleni kunyunyiza sumu. Aliyekulia huko akijenga mjini huja na macho yale yale, na watoto wake huja na manati. Lakini hesabu za ua wa nyumba ni nyingine. Mnana anayelaaniwa shambani kwa kula nafaka hulisha makinda yake wadudu, na bamia zilizo chini ya mti wenye viota hupata mlinzi asiyedai mshahara.

Mwaka wa bustani ya Kilakala huanzia kwenye ukavu. Agosti na Septemba ardhi imepasuka, ukoka umegeuka rangi ya mkeka, na moto wa waandaa mashamba unaonekana usiku mlimani. Huu ndio wakati wa mkasi na panga. Ndege wengi wa hapa hutaga mvua zinapokuja, wadudu na mbegu zinapokuwa tele, kwa hiyo wigo wa michongoma ukipogolewa kabla ya Oktoba, matawi mapya yatakuwa yamefunga majani wapangaji watakapofika. Akichelewa hadi Desemba, shamba boi atakata kiota pamoja na tawi.

Na akichelewa, ajifunze kupitisha mkono kwanza. Kiota cha shore ni kikombe kidogo cha nyasi na mizizi, kimefichwa kwenye uma wa matawi, pengine chini ya kimo cha mtu. Mayai huatamiwa kwa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani kwa muda unaokaribia huo. Wiki nne, basi. Wigo uliokosa kunyolewa kwa mwezi mmoja haumfukuzi mgeni yeyote.

Ukavu huohuo unadai kazi nyingine ndogo: maji. Chombo bora ni kipana na kifupi, kama kitako cha chungu kilichovunjika, kikiwa na jiwe katikati la kukanyagia. Kiwekwe mahali pa wazi, hatua chache kutoka kichakani, ili ndege aone paka akinyemelea na apate pa kukimbilia. Maji yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku mbili tatu, maana mbu wa dengue huhitaji wiki moja hivi tu kutoka yai hadi kuruka. Saa nne asubuhi, jua likianza kuuma, foleni inaonekana waziwazi: tetere hufika kwa hatua za tahadhari na kunywa bila kuinua kichwa, shore huja wawili wawili na kurusha maji kila upande, na chozi hangoji zamu, hujisugua kwenye majani yaliyolowa pembeni kisha akatoweka.

Kuelekea Novemba dudumizi anaanza. Sauti yake hushuka taratibu kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa ya shingo nyembamba, na wengi wakiisikia huenda kutafuta jembe. Hawajakosea. Dudumizi huzaa majira ya mvua, na hewa ikianza kujaa unyevu naye huanza kuita mwenzake. Katika milima hii kuitabiri mvua ni jambo zito: soko kuu la Morogoro limepewa jina la Chifu Kingalu, cheo cha Waluguru wa Kinole kilichoheshimiwa kwa uwezo wa kuita mvua. Dudumizi hana cheo, ila mwenye bustani akimsikia siku tatu mfululizo huanza kutifua.

Vuli ikishika, mnana dume anaanza ujenzi. Anang'ata ukingo wa jani la mnazi au la mgomba, anaruka nao, na ukanda mrefu unachanika nyuma yake. Anafunga kwanza pete kwenye ncha ya tawi, anasimama ndani yake, kisha anasuka mbele na nyuma hadi chumba kinapofungika. Jike akipita, dume hujining'iniza kichwa chini mlangoni na kupiga mabawa kwa fujo. Jike huingia, huvuta nyuzi kupima kazi, na mara nyingi huondoka. Kiota kikikauka na kupoteza ukijani kabla hakijapata mwenyewe, fundi hukivunja kwa mdomo wake na kuanza upya. Mgomba unabaki umechanika vibaya, na mama mwenye nyumba ana haki ya kunung'unika. Dawa ni kuwa na mgomba mmoja wa ziada nyuma ya choo cha nje, usiohesabiwa mkungu.

Fundi mwingine hajulikani sana kwa sababu hujenga barazani. Chozi jike hufunga kiota chake kwa utando wa buibui. Hukusanya kidogo kidogo kutoka pembe za dari, huuzungusha kwenye waya wa nguo au tawi jembamba, kisha hushikiza humo nyasi, magome na vipande vya majani makavu mpaka mfuko mzima uonekane ni takataka zilizonaswa na upepo. Ufagio wa Jumamosi unaweza kumaliza akiba yake ya gundi kwa dakika tano. Wanaojua hufagia sebule na vyumba, na kuacha pembe mbili za baraza hadi mfuko ukamilike.

Kisha inakuja palizi, na hapa ndege wanakuwa wapandaji. Chini ya waya wa umeme, chini ya wigo, na kuzunguka mwembe ambako shore na pasa hupumzika baada ya kula, huchipua miche ambayo hakuna mtu aliyeipanda: mpera, mpapai, mwarobaini, na zaidi ya yote pilipili kichaa. Ule ukali unaotutoa machozi ndege hausikii, kwa kuwa mishipa yake ya fahamu haiitikii kemikali ya pilipili. Anameza tunda zima na kuangusha mbegu ikiwa salama, pamoja na mbolea yake. Mpalilizi mwenye haraka hung'oa vyote kwa jembe. Mwenye subira huchuchumaa, hutenga miche kwa majani yake, na Machi anakuwa na pilipili za kuwapa majirani.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hayana huruma kwa mteremko. Maji ya mlimani hushuka na udongo, na asiyeyazuia atakuta mboji yake kwa jirani wa chini. Uluguru ina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Serikali ya kikoloni iliwashurutisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, kazi nzito iliyofukua udongo usio na rutuba katika sehemu nyingi, na mwaka 1955 hasira zililipuka katika ghasia za Matombo. Kwenye bustani ndogo inatosha kulaza mistari ya majani na matawi kukata mteremko na kuyaacha yaoze. Chini yake wadudu huzaliana, na asubuhi ndege huyachakura wakitafuta kifungua kinywa. Usafi wa kufagia mpaka udongo ung'ae, unaosifiwa sana mitaani, huwanyima chakula hicho.

Kuna mgeni mmoja asiyehitaji kubembelezwa. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka, akavuka bahari, akafuata miji hadi bara, Morogoro ikiwemo. Huiba mayai na makinda. Mwenye bustani humpunguza kwa kufunika pipa la taka na kutoacha mabaki ya ugali uani, kazi isiyo na uzuri wowote ila yenye faida kuliko kununua kibanda cha ndege.

Juni baridi ikishuka, milima nayo hushusha ndege wake. Watafiti wamethibitisha kwamba baadhi ya ndege wa misitu ya juu ya safu hizi za milima huteremka msimu wa baridi hadi misitu ya chini. Si wote. Chozi wa Loveridge, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1922, na kipwe wa Uluguru, mwenye kofia nyeusi na tumbo la njano, aliyeelezwa mwaka 1927, hawapatikani popote duniani nje ya milima hii, na makao yao ni misitu ya juu, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyotangazwa mwaka 2008. Mwenye bustani asiwatarajie kwenye mpera wake. Ila ndege asiyemfahamu akitua uani Julai, aandike tarehe, umbo la mdomo, rangi ya koo, na alikula nini. Atlasi ya Ndege wa Tanzania imejengwa kwa kumbukumbu za namna hiyo, zinazotolewa na watu wa kujitolea mwezi baada ya mwezi, na daftari la ua wa Kilakala lina nafasi yake humo. Matawi ya mfenesi yanayogusa bati yasubiri; yatakatwa Agosti.