Shule ya Mazoezi ya Madaktari

Watu wengi wakitaka kupima ubora wa chuo kikuu huanza na majengo yake. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikitajwa pamoja na Chuo Kikuu cha Aga Khan, mazungumzo huishia kwenye vioo, viyoyozi na ada. Hiki cha pili kilianzishwa Karachi mwaka 1983, kina hospitali zake Karachi na Nairobi, na hata Dar es Salaam Hospitali ya Aga Khan ipo karibu na bahari, si mbali na Upanga ilipo Muhimbili. Tajiri na maskini ni majirani. Hata hivyo, naona ulinganisho wa namna hiyo umeanzia mahali pasipofaa.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, hadi nikawa mkuu wa chuo. Mwanachuo aweza kukariri saikolojia yote ya mtoto na kuandika andalio la somo lisilo na dosari, lakini hajawa mwalimu mpaka asimame mbele ya watoto, mkufunzi wake akiwa ameketi nyuma ya darasa. Kwa hiyo chuo cha ualimu huhitaji shule ya mazoezi kabla ya kuhitaji ukumbi mzuri. Kwa daktari, shule hiyo ya mazoezi ni hospitali ya kufundishia.

Sasa tutazame historia. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu. Mwaka 1976 kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Baadaye vikaachana: mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kikuu kishiriki, mwaka 2000 hospitali ikapata sheria yake, na mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili. Tangu hapo wanafunzi wamekuwa wakijifunza katika nyumba ya jirani, japo uzio ni mmoja.

Mloganzila ilikusudiwa kuliponya jeraha hilo. Chuo kilipata ardhi ya ekari 3,800 nje ya jiji, na kwa mkopo wa Korea Kusini ikajengwa hospitali ya vitanda 571, iliyozinduliwa na Rais Magufuli Novemba 2017. Haukupita mwaka mzima, Oktoba 2018 ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mgonjwa ana haki ya huduma bora, na kama hatua ile ilimfaa, sina ugomvi nayo. Lakini chuo kilibaki na ardhi kubwa bila shule yake ya mazoezi.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kinachomnyanyua jirani tajiri si fedha peke yake. Kule Nairobi na Karachi, anayepanga darasa ndiye anayepanga wodi. Hilo ndilo la kuigwa, nalo halihitaji vioo.

Msomaji ataniuliza, mambo ya Upanga yanatuhusu nini sisi wa Mpanda? Yanatuhusu sana. Katavi ni mkoa tangu 2012 tu, na daktari anayeletwa hapa atakuta vifaa vichache kuliko alivyovizoea mjini. Atakayetufaa ni yule aliyeshika wagonjwa wengi akiwa bado na mwalimu begani.

Sasa Muhimbili inaanzisha kampasi Kigoma, mkoa tunaopakana nao, kwa fedha za mradi wa serikali wa elimu ya juu. Nauunga mkono mpango huo kwa sharti moja: mkataba na Hospitali ya Maweni uandikwe mapema, useme nani anapanga wodi, wanafunzi wangapi kwa kitanda kimoja, na nani anawasimamia usiku. Chuo Kikuu cha Sokoine kilipoleta kampasi ya Mizengo Pinda huku kwetu Mpimbwe, kilifuata mashamba yalipo. Chuo cha tiba nacho hakina budi kufuata wodi. Majengo yakitangulia na makubaliano yakifuata, ya Mloganzila yatajirudia kando ya Ziwa Tanganyika, na mgonjwa wa Katavi ataendelea kupanda basi kwenda kumtafuta daktari mbali.