Khutba Inayoanzia Aya ya 31

Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Khutba nyingi zinazogusia maasi ya maofisini hupita njia moja: inasomwa amri ya hijabu, yanalaumiwa mavazi ya wafanyakazi wa kike, kisha dua. Hijabu ni faradhi, na hatuna mjadala juu yake. Tunachokosoa ni kuifanya jawabu la suala jingine. Mkuu wa kazi anayemwambia binti kuwa mkataba wake hautatiwa saini mpaka amkubalie, tatizo lake si nguo ya yule binti. Ametumia vibaya madaraka aliyokabidhiwa. Hiyo ni khiyana, na ni dhulma.

Tuangalie mpangilio wa Surat an-Nur. Aya ya 30 inawaamrisha wanaume Waumini wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Amri kwa wanawake inafuatia katika aya ya 31. Khatibu anayeanzia ya 31 amewavusha wasikilizaji wake walio mbele yake, nao ni wanaume.

Aya ya 33 inakaribia zaidi suala letu. Inakataza kuwalazimisha vijakazi wafanye uzinifu kwa ajili ya pato la dunia. Wafasiri wanaeleza kuwa iliteremka kuhusu Abdullah bin Ubayy, aliyekuwa akimlazimisha kijakazi wake pale Madina. Mwisho wa aya umetajwa msamaha, na wafasiri wengi wamesema msamaha huo ni wa waliolazimishwa. Mafakihi wamekhitalifiana juu ya kiwango cha kulazimishwa kinachomwondolea mtu dhambi. Juu ya dhambi ya mwenye kulazimisha, hakuna khitilafu.

Wapo wanaosema mlalamikaji anyamaze kwa kuwa hana mashahidi wanne. Huko ni kuchanganya mambo. Mashahidi wanne ni wa kuthibitisha zinaa. Anayelalamika kuwa ametishiwa au ameshikwa bila ridhaa yake hajamsingizia mtu zinaa. Anashitakia dhulma, na mlango wake ni taazir.

Na anayedhani kuwa mwanamume hanyanyaswi, arejee Surat Yusuf. Nabii Yusuf (AS) alikuwa mtumishi katika nyumba ya watu, na mke wa bwana wake ndiye aliyefunga milango. Ushahidi ulitazamwa: kanzu ilichanika kwa nyuma. Pamoja na dalili hizo kuonekana, aya ya 35 inaeleza kuwa walioamua waliona bora afungwe. Mara ngapi leo anayelalamika ndiye anayehamishwa kituo?

Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Je, mimbari ikubali kuachwa nyuma na TAKUKURU katika jambo ambalo Qur'an imelikemea zaidi ya karne 14 zilizopita?

Ndugu zetu maimamu, Ijumaa mtakapolizungumzia jambo hili, anzeni na aya ya 30.

Wallahu a'lam.